Fundi Aliyekataa Kusema Kesho

Marehemu alizaliwa Jumamosi ya tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake seremala na mama yake mkulima. Alibatizwa akiwa na miezi miwili. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mchungaji alipommwagia maji hakulia kama watoto wengine, bali alikodoa macho atazame maji yanatoka wapi. Basi udadisi wake ulianzia hapo, na haukumtoka mpaka wiki hii.

Shule alianza mwaka 1960 akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Huko walimpa jina la Kwanini, maana hakuna somo lililoisha bila yeye kunyoosha mkono. Kwa nini hewa haionekani. Kwa nini saba mara nane ni sawa na nane mara saba. Siku moja mwalimu wa hesabu alimtoa nje ili darasa lipumue kidogo. Baada ya dakika tano akachungulia mlangoni kuuliza kwa nini ametolewa. Jina likaganda. Hata mke wake alimwita hivyo akifurahi. Akikasirika alimwita Baba Watoto.

Mwaka 1967 alikwenda kujifunza cherehani kwa mjomba wake, akaanza na kushona vifungo na kupepea pasi ya mkaa. Mwaka 1973 akafungua chumba chake mwenyewe, hatua nne kwa tatu: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia, benchi la wateja, na kioo kilichopasuka pembeni. Kioo hicho hakukibadilisha mpaka mwisho. Alisema mteja akijiona na ufa usoni hatajivuna sana na suti mpya.

Sasa ukweli usemwe, maana mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa asichokuwa nacho. Miaka ile ya kwanza alikuwa fundi kama mafundi wengine. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, njoo kesho. Ukirudi hiyo kesho, kola bado, vifungo bado, uzi umeisha, njoo kesho.

Mwaka 1979 akaja mpishi wa bweni la wasichana, anataka koti jeupe la kazini. Alizungushwa mara tatu. Mara ya nne hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba magotini, akamwuliza taratibu: "Fundi, hiyo kesho yako huwa inaangukia siku gani ya wiki?"

Mtu aliyezoea kuuliza sasa ameulizwa yeye. Jumapili iliyofuata, kwa bahati au kwa kusudi la Mungu, mahubiri yalikuwa juu ya mtu ambaye ndiyo yake ni ndiyo kweli. Wengine walisinzia. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, na Jumatatu wateja wakashangaa: neno kesho limehama dukani. Kuanzia siku ile alitaja siku na saa. Alhamisi, saa tisa. Hata kama leo ni Jumatano na Alhamisi ndiyo kesho yenyewe, bado angekuambia Alhamisi.

Koti la mpishi lilikuwa tayari siku na saa aliyomtajia. Mpishi naye alianza kuleta nguo ambazo hazikuhitaji fundi. Fundi akamwambia atafika kwa wazazi wake Jumapili ya tarehe 14 Septemba 1980, saa nne. Alifika saa nne kasorobo, akasimama nje ya uzio juani mpaka saa nne ikagonga, ndipo akabisha. Baba mkwe alisema mtu wa namna hii ama ni mwendawazimu ama ni mkwe. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti kwenye maombi, wala hakuwahubiria wateja huku amewafunga kwa futi ya kupimia kiunoni. Alikuwa na swali moja tu baada ya kupima: siku ya kwanza hii nguo utaivaa wapi? Watu waliona ni udaku. Mlinzi wa jengo la jirani alimwuliza kama anashona au anaandika taarifa ya polisi. Fundi alicheka, akaandika. Kwenye daftari lake la vipimo mtasoma: kiuno thelathini na nne, mahakamani, Jumatano. Bega kumi na saba, anakwenda kuposa, anatetemeka. Mke wake ndiye aliyekuwa anajua sababu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, Fundi alifunua daftari, akatazama nani leo anavaa nguo mpya na wapi, akamwombea kwa safari yake. Mlinzi alipoambiwa haya juzi alikaa chini. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kuposa.

Mwaka 1988 chumba cha pili kilipata fundi mwingine, ukuta mmoja kati yao. Huyu kila kitu kwake kilikuwa kesho, na mtaa mzima ukamwita Fundi Kesho. Wateja walimkimbia marehemu aliyewaambia kweli, wiki tatu, wakahamia ukuta wa pili kwenye kesho, wakasubiri miezi miwili. Wawili hao walitaniana kwa kugonga ukuta kwa mkasi, wakakopeshana sindano, wakazeeka pamoja.

Lakini marehemu alikuwa na swali lililomsumbua. Alimpelekea mchungaji zaidi ya mara moja: kama ahadi isiyo na siku ni uongo wa fundi, mbona Bwana ameahidi kurudi na hakutaja siku? Mchungaji alimpa majibu mazuri. Fundi alishukuru, akaenda, akarudi na swali lilelile.

Mwezi wa nne mwaka huu miguu ilianza kuvimba, ikagundulika ni figo. Alilazwa tarehe 25 Septemba. Wodini aliwauliza wauguzi kila mrija unaanzia wapi na unaishia wapi. Alimwuliza daktari atatoka lini, daktari akasema tutaona. Fundi akamwambia asingefaa kwenye cherehani, ni mkweli mno.

Kilichomnyima raha si figo. Aliahidi kwaya majoho ishirini na mawili, Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi. Kumi na tisa yalikuwa tayari. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kumwambia apone kwanza, watavaa ya zamani. Akajibu neno moja: "Nilisema."

Jumapili ya tarehe 8 akamwita Fundi Kesho kitandani, akampa ufunguo wa chumba amalizie yale matatu. Fundi Kesho aliugeuza mkononi. "Kaka, unajua wananiitaje."

"Najua. Mwingine angekubali haraka."

Jumatatu jioni alimwambia mke wake kwamba lile swali ameanza kulielewa. "Siku tunazitaja sisi, kwa sababu neno letu peke yake halitoshi." Halafu akasema hata hivyo akifika ataulizia vizuri. Alfajiri ya Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023 alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mpishi wake.

Wasifu huu unapelekwa kuchapwa leo Ijumaa mchana, maziko ni Jumamosi. Joho moja limekwisha, la pili halina mikono, la tatu bado ni kitambaa. Binti mkubwa wa marehemu alipita chumbani leo kuuliza yatakuwa tayari lini. Fundi Kesho alikuwa na pini mdomoni. Safari hii kesho lilikuwa jibu la kweli kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitoa pini moja moja, akazichomeka mezani.

"Jumamosi," akasema. "Saa tatu."

Kwenye daftari, mstari wa kwaya una vipimo, siku na saa. Pale pa kuandika watayavaa wapi siku ya kwanza, marehemu amepaacha wazi. Mke wake anasema hakuwahi kusahau kuuliza. Kwaya imesimama mbele yenu, hesabuni majoho.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na ndugu wa ukuta wa pili, ambaye kuanzia leo ana haki ya kudai jina jipya.

Basi Kwanini apumzike kwa amani. Aliyeahidi kumwamsha hakutaja siku, lakini si wa njoo kesho.