Tadeo Basili Qamara na Wimbo wa Mzee Gidahosh

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliofika hapa Masieda, mimi ni Ignasi, kaka wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma yote kama tulivyoyaandika jana.

Ndugu yetu Tadeo alizaliwa tarehe 8 Septemba 1957 hapa hapa Masieda, mtoto wa nne wa mzee Basili Qamara na mama yetu Kornelia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari mjini Arusha hadi 1975, na tangu utoto alikuwa mtu wa kusikiliza, maana mama zetu wakisaga nafaka na kuimba yeye alikaa karibu akiandika maneno yao nyuma ya daftari la hesabu, na bibi zetu waliobaki na sketi za ngozi zenye shanga aliwauliza maana ya kila mstari, mpaka wakamchoka.

Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alisomea uandishi wa habari Dar es Salaam, na Januari 1979 aliajiriwa gazetini, ukurasa wa sanaa na utamaduni, akaandika habari za wapiga ngoma, wafinyanzi na waimbaji ambao majina yao hayakuwahi kuchapwa popote. Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa na Justina Hermani kanisani Dongobesh, na msimamizi wake alikuwa Nicodemo Margwe, mhariri wake na rafiki yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Philomena mwaka 1983 na Hermani mwaka 1985.

Aprili 1984 marehemu alikaa siku tisa kwenye boma la mzee Gidahosh, ng'ambo ya Mogitu, mwimbaji wa Kibarbaig aliyetunga wimbo wa kulilia kaburi la baba yake, lililolimwa na trekta za shamba la ngano. Mzee alimwambia, "Ukiandika, andika yote. Ukiacha kaburi, acha na wimbo." Tadeo aliandika yote, akamkabidhi Nicodemo, naye Nicodemo akamshika mkono, akasema, "Nenda kwa mkeo upumzike, hii nitaisimamia mwenyewe."

Makala ilitoka Jumapili tarehe 3 Juni, kaburi halimo, na wimbo wa msiba umeitwa wimbo wa furaha ya ngano, juu yake picha ya mzee Gidahosh na chini yake jina la Tadeo. Marehemu alipouliza, Nicodemo alimjibu, "Jina lako lipo. Unataka nini zaidi?" Barua tatu za masahihisho hazikuchapwa. Septemba aliacha kazi akarudi nyumbani, akanakili makala yake kwa mkono, kama alivyoiandika mwanzo kabla haijabadilishwa, akaenda kwa miguu hadi kwa mzee Gidahosh kumsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Na wale waliosoma ile nyingine, utawafuata mmoja mmoja?" Kisha akaingia ndani. Tangu siku ile ndugu yetu hakuandika tena, hata barua za nyumbani aliniandikisha mimi.

Februari 1986 alianza kuugua ini, akalazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Ndugu Nicodemo yupo hapa, ameleta rambirambi za gazeti, zinamsifu marehemu kwa makala ya furaha ya ngano. Tumezipokea, lakini hatutazisoma mbele ya jeneza lake. Mzee Gidahosh tulimpelekea habari, hajafika, wala hatumlaumu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani wakati wa mvua, na wafanyakazi wenzake waliomwandikia alipoacha kazi, ambao walikuwa wawili.

Tadeo, mdogo wangu, Mungu akupumzishe, akupe amani tuliyoshindwa kukupa sisi.