Tairi za Kumfikisha Loise Ziwa Jipe

Kijiwe chetu hapa Voi kiko kando ya karakana ya Maundu, mchomeleaji wa vyuma, mahali ambapo usipofunika kikombe unakunywa kahawa na cheche. Jumamosi hiyo benchi lilijaa na hakuna aliyetaja siasa. Mbele yetu palisimama trela ya Sylus: kijumba cha bati chenye kitanda, cha kuvutwa na gari hadi porini ulale humo kama mtalii. Kilikuwa kimekamilika, rangi ya kijani mpaka kwa bawaba, ila hakikuwa na magurudumu. Ekseli ilikuwa imekalia mawe mawili. Sylus, mstaafu wa reli, alimwahidi mkewe Loise, Mama Donald, tangu ujana wao kwamba watalala Ziwa Jipe wakisikiliza viboko, na Loise alishachoka kuuliza ni lini. Sasa kilichobaki ni kuchagua tairi, na Sylus akafanya kosa la kutuuliza sisi.

Sylus: Jamani, niweke tairi gani? Njia ya Jipe mnaijua. Vumbi, miba, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi unashika kama ulimbo.

Wa kwanza kujibu alikuwa Katuku. Aliwahi kupeleka lori Kampala mara moja tu, akarudi na jina: Kampala.

Kampala: Weka za lori, buda. Porini ni heshima. Ndovu akiona tairi ndogo anajua huyu ni mtu wa kuchezewa.

Maundu: Za lori haziingii hapo. Itabidi niinue kijumba, halafu Mama Donald awe anapanda kwa ngazi.

Kampala: Si apande! Mtaka cha mvunguni huinama.

Maundu: Hiyo ni ya kuinama, Kampala.

Kampala: Ni hiyohiyo, isome ukiwa juu.

Phineas, ambaye tunamwita Satelaiti kwa sababu simu haimtoki mkononi, akaguna.

Satelaiti: Ukubwa si kitu. Kitu ni upana. Nunua tairi pana, punguza upepo, ilale kwa mchanga kama chapati. Haizami hiyo.

Sylus: Nipunguze upepo mpaka wapi?

Satelaiti: Mpaka roho yako itulie.

Maundu: Ukipunguza sana tairi inachomoka kwa rimu. Na miba je?

Satelaiti: Ndio maana mimi upepo wenyewe siuamini. Kikulacho ki nguoni mwako! Pancha ni nini? Ni upepo kutoroka. Sasa, toa upepo wote, jaza mkonge. Si Mwatate mkonge umejaa? Shindilia nyuzi mpaka tairi iwe ngumu kama godoro la bweni.

Teresia, anayetuuzia kahawa, alicheka hadi akamwaga.

Teresia: Na mkonge ukishika moto?

Satelaiti: Kwani Jipe hakuna maji?

Hapo hata mimi niliona ana hoja. Lakini Kampala hakubali kupitwa.

Kampala: Nyinyi mnasahau milima. Sylus anakaa Wusi. Barabara ya huko imelalia upande. Kwa hivyo upande wa mlima weka tairi ndogo, upande wa bonde weka kubwa. Kijumba kinakaa sawa, hata chai haimwagiki.

Maundu: Na wakati wa kuteremka?

Kampala akanywa kahawa taratibu, akafikiri.

Kampala: Anateremka kinyumenyume.

Satelaiti: Huyu amesoma.

Sylus akaweka kikombe chini kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Sylus: Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu. Sijawahi kuona treni imepata pancha.

Maundu: Sylus, usiende huko.

Sylus: Chuma, Maundu. Magurudumu ya chuma.

Satelaiti: Wee! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!

Kampala: Lakini utahitaji reli mpaka Jipe.

Sylus: Vipande viwili vinatosha. Unapita, unasimama, unaokota cha nyuma unaweka mbele.

Kampala: Bandu bandu huisha gogo!

Maundu alikuwa ameshachukua chaki, anachora reli sakafuni, bodaboda iliposimama na Loise akashuka. Alikuwa na shuka, sufuria na mkoba. Aliambiwa Jumamosi, akaamini. Akaizunguka trela polepole, akaipapasa rangi.

Loise: Ni nzuri, Baba Donald.

Sylus: Imebaki tairi tu, Mama Donald. Tunachagua.

Loise: Sawa. Kwani gari la kuivuta ni lipi?

Sylus akamtazama Maundu. Maundu akamtazama Kampala. Kampala akanitazama mimi, kana kwamba nimelificha mfukoni. Sylus ana baiskeli.

Maundu: Hata rimu zinafaa zifanane na za hilo gari, ndio spea iwe moja...

Akakatiza hapo, akafuta reli yake kwa kiatu.

Sylus: Mama Donald, mimi nilidhani...

Mabega yalimshuka, akazeeka mbele ya macho yetu. Loise akachungulia ndani.

Loise: Kitanda kipo?

Sylus: Kipo.

Loise: Basi. Mimi hamu yangu ilikuwa kulala siku moja mahali sijafagia mimi.

Akavua viatu, akaingia. Kufika kitandani, kule nyuma, trela ikaangukia kisogo, shingo yake, kile chuma cha kuvutia, ikapaa hewani. Kampala na Satelaiti wakairukia, wakaikalia. Trela ikatulia.

Loise: Msiamke! Hapo hapo! Baba Donald, ingia.

Sylus akaingia, nyuma ikashuka tena. Maundu naye akakalia shingo, haikutosha. Nikaitwa mimi. Tukabanana wanne kwenye chuma, mlango ukafungwa.

Satelaiti: Teresia, tuletee basi kahawa huku.

Teresia: Imeisha.

Satelaiti: Hata nusu kikombe?

Teresia: Imeisha, na mimi naenda.

Akabeba birika lake, akaenda. Kutoka ndani tukamsikia Sylus akimweleza mkewe maji yalivyo, viboko wanavyotoka jioni, mlima unavyoonekana ng'ambo. Mkono wake ukatokeza dirishani kumwonyesha ziwa liko upande gani. Ulikuwa umeelekea Mombasa, na Jipe iko upande wa pili kabisa. Tukaangaliana, tukaendelea kukalia chuma.