Fundi Sikio na Bastola Namba Kumi na Nne

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu la silaha, Fundi Sikio anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa kuwa mtu akikoki bastola chumba cha pili, yeye huinua kichwa na kutangaza kwamba springi imechoka. Hakosei, na anajua kwamba hakosei, jambo lililotuudhi wengi.

Alianza kama msafishaji wa mitutu, akapanda hadi fundi mkuu. Sifa zake zilitokana na bastola ndogo wanazobeba walinzi wetu getini. Risasi za kujihami za bastola hizo zina kichwa laini chenye tundu, na zilikuwa zikibonyea zinapoingia chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Wakubwa walilaumu kiwanda. Fundi akakuta magazini, vile visanduku vya risasi, zilizopinda midomo, na mikwaruzo kwenye mteremko wa chuma unaoiongoza risasi. Akakuta pia mazoea yetu: asubuhi mlinzi anakoki, jioni anaitoa risasi, kesho anairudisha ileile juu. Ikigongwa hivyo kila siku, risasi huzama ndani ya ganda lake, na siku ya siku inakwama. Ndipo akaweka sheria ya nukta: kila risasi ikiingia chemba inatiwa nukta ya wino kwenye kitako, na yenye nukta mbili haibebwi tena. Tulimcheka kwamba amefungua shule ya chekechea. Tangu hapo hakuna iliyokwama.

Sheria hiyo ilizaliwa na msiba. Miaka kumi na moja iliyopita, mlinzi tuliyemwita Mpole aliuawa getini kwa sababu bastola yake, namba kumi na nne, ilikwama. Iliporudi kutoka kwa wapelelezi tukaifungia kabatini pamoja na risasi zake, na hapo mambo yakaanza.

Mimi ndiye mtunza ghala, na sisimulii ya kuambiwa. Kila Jumatatu tulikuta risasi ya juu kwenye magazini ya kumi na nne imebonyea, ina alama ya nusu mwezi. Alama hiyo haitokei mpaka bastola ikokiwe. Fundi alibadili springi, magazini, hata mtutu. Mwishowe tukaweka risasi mpya, tukaizungushia bastola karatasi yenye saini zetu, tukafunga kabati kwa funguo mbili, mmoja wake, mmoja wangu. Jumatatu karatasi ilikuwa nzima, na risasi ilikuwa na nusu mwezi. Fundi, msemaji asiye na breki, aliigeuzageuza karatasi ile mikononi hadi saa nne.

Alikuwa na haki ya kustaafu miaka mitano iliyopita, akakataa. Nilidhani ni kupenda kazi. Mwaka huu ofisi ikamwajiri binti wa Mpole kuwa mlinzi, naye akaomba abebe bastola ya baba yake. Wakubwa wakaona ni jambo la heshima. Ilibaki saini ya Fundi tu, naye hakuitia.

Badala yake alimwita binti ghalani, mbele yangu, akamweleza kwamba asubuhi ya msiba ni yeye aliyeikagua bastola ile. Aliiona risasi imebonyea, alikuwa na haraka, akaona itafaa hadi kesho. Hakujitetea. Alisema anaogopa kuondoka na kumwachia mtu mwingine chuma kile, hasa mtoto wa Mpole.

Kabla binti hajajibu, ndani ya kabati lililofungwa, bastola ilikokiwa. Tuliusikia mlio sote watatu. Tulifungua kwa funguo mbili. Karatasi, tuliyokuwa tukiibadili kila Jumatatu, haikuchanika. Risasi haikuwa tena kwenye magazini. Ilikuwa imeingia chemba, kichwa chake kizima, hakina hata mkwaruzo.

Fundi alikaa sakafuni akalia. Binti alimwita baba mdogo, akasema hajui kama amesamehe, ila asiendelee kulilinda kabati lile.

Namba kumi na nne ilikatwa vipande wiki iliyofuata. Siku ya kuagana, binti atakuwa zamuni, na ameomba awe yeye atakayemfungulia Fundi geti.

Fundi wetu, ahsante kwa mikono yako, na zaidi kwa ukweli wako. Tunakutakia maisha marefu yenye Jumatatu za kawaida.