Baba Niliyemkemea kwa Maikrofoni

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na nyinyi mliokaa nje kwa hema pia. Leo sina gitaa, kwa hivyo mikono yangu haijui ikae wapi. Mnivumilie.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule wa gitaa na kinanda, mtu mmoja anayejifanya bendi nzima. Miaka mingi nimepiga muziki kule Kikopey, wasafiri wanaposimama kula nyama choma. Na nawaambia, kazi ya mwimbaji wa pale si nyimbo, ni majina. Mteja anaandika kikaratasi, anampa weita, weita ananiletea, na mimi naingiza jina kwa wimbo: shosho fulani, wajukuu wako wote wamefika salama! Mtu akisikia jina la mamake kwa spika anasimama, anacheza mpaka machozi. Hiyo kazi niliijua sana. Familia za watu nilizisifu zote, yangu nikaisahau.

Maana sikukuu ndiyo siku yetu ya kazi sisi wanamuziki. Mke wangu na binti yetu wako hapa mtaani Section 58, mimi niko barabarani. Nilikuwa nawaambia, "Nawatafutia." Msicheke, wanaume, hilo neno mnalijua! Lakini hapa ni mbele ya Mungu, wacha niseme ukweli. Niliupenda ule umati. Kule napigiwa makofi, nyumbani naambiwa mfereji unavuja. Hata siku ambazo hakuna kazi nikawa natafuta sababu ya kulala kwa marafiki. Krismasi tatu zikapita hivyo.

Ya nne ndiyo ya mwaka juzi. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wamejaa mpaka wengine wanakula wakiegemea magari. Weita akaniletea rundo la vikaratasi. Nikachukua kimoja nikasoma vile huwa nasoma, macho kwa karatasi, vidole kwa gitaa. Kilisema, "Tafadhali mwambie baba yangu aje nyumbani tule Krismasi. Alienda na hajasema atarudi lini."

Hakikuwa na jina. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nilikuwa na maikrofoni. Nikasema, "Haiya! Watu wangu, kuna baba hapa ametoroka mtoto wake siku ya Krismasi! Wewe baba, huna aibu? Weka huo mfupa chini uende nyumbani!" Watu wakacheka, wakapiga meza. Nikaona imeshika, nikaongeza. Nikamtungia huyo baba ubeti mzima, nikamwita baba wa picha ya ukutani, na watu wakaitikia.

Halafu nikainua macho nione ni meza gani inaona aibu.

Kando ya pale pa kunawia mikono nikamwona mke wangu, amevaa nguo yake ya kanisa. Mbele yake binti yetu wa miaka kumi. Watu wote walikuwa wanacheka isipokuwa hao wawili.

Vidole vilikataa. Kinanda kikaendelea kupiga ngoma peke yake kama mjinga. Nikawaendea, nikamuuliza mke wangu, "Mama, mmefika saa ngapi?" Mtoto ndiye aliyeniangalia, akasema polepole, "Nilidhani utajua mwandiko wangu."

Nililia, ndugu zangu, mbele ya wateja. Nikafunga vyombo dakika hiyo, mwenye hoteli akinifokea, nikarudi nao nyumbani. Nikadhani yameisha.

Wapi! Mtoto alikataa kuniongelesha. Akitaka kitu anamwambia mamake, "Mwambie huyo anipitishie chumvi." Huyo! Pasaka nilikaa nyumbani, nikachinja kuku mwenyewe, akabeba sahani yake akaenda kula kwa ngazi. Nikishika gitaa, anatoka. Nikamwendea mzee mmoja wa hapa kanisani, nikamwambia, "Mzee, huyu mtoto amenikataa kabisa."

Akaniuliza, "Mwalimu wake anaitwa nani?"

Nikamtajia jina la shule.

"Basi anza hapo. Na usimsumbue na misamaha kila saa. Kaa tu, akuone."

Nikakaa. Siku hizi nafundisha watoto gitaa hapa mjini, jioni niko nyumbani. Kila jioni nikawa natia sahihi daftari lake la kazi ya shule. Mwanzoni alilitupa mezani na kuondoka. Kufika Agosti akawa anasimama mlangoni akingoja. Siku moja akaniambia, "Hapa umetia sahihi na hujasoma." Nilifurahi kugombezwa, Mungu ananijua!

Sasa Krismasi hii ya juzi tulikuwa tunapika chapati. Mke wangu anasukuma, mimi nageuza, naziunguza moja baada ya nyingine. Binti yangu akaja akaninyang'anya mwiko. "Baba, songa. Unatuaibisha."

Baba! Mwaka mzima nilikuwa sijalisikia hilo neno. Nilitoka nje nikajifanya naenda kutafuta makaa, na jiko letu ni la gesi.

Namshukuru yule mzee, anajijua. Nyinyi akina mama mliompitia mke wangu miaka hiyo yote na mboga, bila kumuuliza maswali, asanteni sana. Na wewe mke wangu, ulivaa nguo yako nzuri ukanifuata. Ungeweza kuniacha huko, na hakuna ambaye angekulaumu.

Na nyinyi mnaofanya kazi wengine wakipumzika, madereva, mawochi wanaolinda usiku, wauguzi, siwaambii muache kazi. Chagueni siku yenu na watu wenu, hata kama ni Jumanne, na msiikose. Mkitoka, semeni mtarudi lini.

Mchungaji ameniomba nimalizie na wimbo. Nisamehe, Mchungaji, leo siimbi. Yule msichana pale nyuma ananionyesha saa. Tumepanga kula kwa nyanyake kule Kamere, na nilimwambia saa saba tutakuwa tumefika.