Historia ya Kaka Yetu Mizani, Mpimaji wa Plastiki Zinazooza

Ndugu, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike niliyemfuata kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo baadhi yetu jana tuliomba irukwe, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza isirukwe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza kidato cha nne 1978, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 3 Februari 1983 akaajiriwa na taasisi ya utafiti, ambako jina la Mizani lilimganda kwa sababu alipima hata sukari ya chai ya wenzake. Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa nguo, wakajaliwa watoto watatu, na sasa wajukuu watano.

Kuanzia 2004 alichanganya wanga wa muhogo na plastiki itokanayo na sukari ya mimea, akatia nyuzi za katani ili mfuko usipasuke upesi, akafukia vipande kwenye mboji, na baada ya siku 180 akavifukua, akachekecha, akaosha, akakausha na kupima. Mwaka 2016 aliandika katika ripoti kwamba asilimia 91 imeliwa na vijidudu, na kiwanda kikatengeneza mifuko kwa kuitegemea ripoti hiyo. Miaka miwili baadaye aliurudia udongo uliopita kwenye chekeche, akautazama kwa hadubini, akaona chembe za plastiki, yaani kile alichokihesabu kuwa kimeliwa, sehemu yake kubwa ilikuwa imemeguka tu na kupenya kwenye matundu.

Tarehe 9 Julai 2018 aliandika barua ya kuiondoa ripoti yake. Mkuu wake wa kazi, ambaye tuko naye hapa, alimwambia, "Mizani, usifukue makaburi, mifuko iko madukani," na aliposhikilia msimamo wake akajibiwa kwa maandishi kwamba bila kipimo kipya cha siku 180 ripoti itabaki, akahamishiwa stoo ya vifaa hadi alipostaafu 2021. Wifi alipomwambia, "Baba, watu watakucheka," alijibu, "Wacheke, ila wacheke kwa namba sahihi."

Tarehe 11 Novemba 2023 alipanga mitungi saba iliyozibwa kwenye rafu ya sebuleni, yenye udongo na vipande vya plastiki ileile, ili apime hewa ambayo vijidudu huitoa vinapoila, kwa kuwa hewa hiyo haidanganyi kama chekeche. Januari akaanza kuugua ini. Kila wiki wifi alisoma vipimo, akaviandika daftarini na kutia sahihi, akalipeleka daftari hospitalini, na mgonjwa akatia sahihi ya pili kitandani. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, saa kumi alasiri, siku ya 177.

Watu walipoanza kujaa, mwanawe mkubwa, fundi wa kuchomelea, alitaka mitungi itolewe, akasema, "Mama, wageni wakae juu ya kabati?" naye wifi akaweka kiti chake mbele ya rafu, akaketi hapo siku tatu, na kila aliyebeba sinia la vikombe alipita kwa ubavu. Leo saa moja asubuhi, siku ya 180, alisoma kipimo cha mwisho mbele yetu, asilimia 43, si 91, akatia sahihi, na nafasi ya sahihi ya pili ikabaki wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, waliomruhusu kulaza daftari chini ya mto, majirani walioleta viti na kukubali kukaa uani, na wenzake wa maabara na wa stoo. Mwisho tunamshukuru mkuu wake wa kazi, aliyefika mapema kutoa pole, akakabidhiwa daftari, akalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, sote tukimwangalia, kisha akaomba kalamu.

Pumzika kwa amani, kaka, safu zote mbili za sahihi zimejaa.