Mama Komeo, Aliyepokea Visu Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Kama kuna watoto wadogo karibu na redio, wapeni kwanza kazi nyingine. Leo tunamkumbuka mtu aliyeandamwa na vipigo tangu ujana wake hadi siku aliyokufa, na mimi sina ufundi wa kusimulia maisha hayo bila kutaja damu.

Tunamkumbuka Mama Komeo. Ndivyo walivyomwita. Alishika mlango wa ile nyumba ya hisani nyuma ya soko, inayolaza watu wasio na makao, kuwapikia na kuwatafutia kazi. Hakuwa mkurugenzi. Hakuwa mfadhili. Alishika mlango. Na amekufa kwa kupigwa nyundo kichwani, ndani ya nyumba hiyohiyo, na mtu aliyempenda.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: alishika mlango, na aliyemuua alimpenda. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Aliolewa akiwa binti, na dereva wa lori. Dada yake mdogo anamkumbuka vizuri bwana huyo. Aliniambia, "Shemeji alikuwa mcheshi. Akija nyumbani tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kumbe dada yeye anahesabu dakika za kurudi kwake."

Siku moja bwana aliletewa chai, akaona imepoa. Akachukua spana ya lori, ile kubwa ya kufungulia magurudumu, akampiga nayo usoni. Taya likavunjika. Hospitali walilifunga kwa waya, likaunga vibaya. Mliowahi kumwona mnakumbuka: akiongea, mdomo ulikwenda upande.

Alitoka na binti yake mgongoni, akaenda kwa dada. Mume akamfuata, akavunja mlango wa wenyewe, akampiga mbele ya majirani. Basi mume wa dada akasema mtoto abaki, mama aondoke, yeye hataki balaa kwake. Mzee huyo yuko hai na najua ananisikiliza. Shikamoo, mzee. Mlango wako ulitengenezwa, nimeuona.

Mama Komeo akalala barazani. Mlinzi wa duka alimwamsha kwa mateke. Walevi waliwahi kulitia moto boksi alilolalia, yeye akiwa juu yake, na mashavu ya miguu yake yalibaki na makovu mpaka anazikwa. Akajifunza kulala na msumari mrefu ndani ya mkono wa sweta. Mwanamume mmoja aliyemvamia aliondoka nao pajani. Hadithi hiyo alinisimulia hapahapa studio, akicheka kwa ule mdomo wa upande, na mimi nikacheka, ingawa haichekeshi.

Msimu wa mvua ulipofika, akaenda kwenye nyumba ile ya hisani. Mlangoni wakamwambia, toa ulicho nacho. Akautoa msumari. Akala, akalala kitandani. Asubuhi akauliza, "Msumari wangu uko wapi?" Wakamwambia wameutupa. Akatoka mikono mitupu, na nyuma ya soko alikutana na yuleyule wa paja. Alipigwa mpaka akatema meno mawili.

Hakulia. Alirudi kwenye ile nyumba akiwa na damu kifuani, akamkuta msimamizi mezani anakula, akasimama mbele ya sahani yake. Maneno yake msimamizi anayakumbuka mpaka leo. "Ukichukua kitu cha mtu, kitunze. Asubuhi mrudishie. Nyinyi mnatulaza ndani, lakini mchana tunaishi nje, na huko nje hampo."

Msimamizi hana makuu. Akamwambia, basi mlango ushike wewe.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ulipoanza utaratibu ambao sijausikia kwingine. Kwenye kabati la mlangoni pakapigiliwa kulabu, kila kitanda na kulabu yake. Jioni unaweka: kisu, wembe, nondo, chupa, hata tofali kama ndilo unalolitegemea. Asubuhi unarudishiwa chako, bila swali. Kati ya hapo, sheria ni moja. Aliyeweka haguswi. Awe mwizi, awe muuaji, awe kakuchukulia mke. Ameweka? Ameweka. Basi haguswi.

Kabla yake, watu walificha visu ndani ya magodoro, na asubuhi nyingine ilianza kwa kufuta damu sakafuni. Baada yake, visu vilikaa kabatini. Mheshimiwa mmoja alikuja kukagua akauliza kwa dharau kama hii ni nyumba ya hisani au ghala la silaha. Mama Komeo akamuuliza, "Kwako visu viko wapi, baba? Si jikoni? Na unalala usingizi." Mheshimiwa akatafuta gari lake.

Kazi yenyewe haikuwa ya mtu laini. Alikatwa wembe kiganjani akiamua ugomvi wa blanketi. Alitemewa mate. Kijana mmoja alifika na chupa iliyovunjwa, hataki kuiweka, akamng'ata mkono hadi nyama ikachomoka. Mama Komeo alimwangusha, akamkalia. Alikuwa mnene, tuseme ukweli. Alimkalia mpaka kijana akachoka kutukana, akaanza kulia. Kisha akampelekea chakula.

Kijana huyo ndiye Seremala. Lishikeni jina hilo. Ofisi ya kazi ya nyumba ile ilimtafutia nafasi kwenye karakana ya fanicha, na mkono wake ukaonekana mwepesi kwenye mbao. Alimwita Mama Komeo "mama", bila kuongeza kitu. Nyundo yake ya kazi, kwa kuwa nyundo ni nyundo, aliiweka kila jioni kwenye kulabu yake.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kabla ya chakula cha jioni, watu wamepanga foleni. Akafika mzee mgeni, amekonda, mguu mmoja anauburuta. Akaweka mezani kisu cha jikoni, mpini umefungwa mpira. Mama Komeo akakichukua, akawa amekishika tu.

Mpishi, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa karibu. "Nikamwambia, Komeo, mbona hukitundiki? Akaninong'oneza, huyu ndiye baba wa mwanangu. Kisha akamgeukia. Umeweka? Mzee akasema, nimeweka. Akamwambia, pita."

Mzee huyo nilimtafuta, nikamkuta. Nilitaka kujua kama alimtambua mkewe. Alinijibu bila kuniangalia: "Nilimjua palepale. Lile taya ni kazi yangu mimi. Lakini nilikuwa na njaa."

Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimevunjika mguu. Seremala, aliyekwisha kuweka nyundo yake, akaiomba akitengeneze. Ukarabati wa namna hiyo ulifanywa watu wakiwa wanakula, ukumbi wa kulala ukiwa mtupu. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mama Komeo. Siku hiyo akili yake haikuwepo. Alifungua kabati akampa nyundo, watu wakiwa bado wanaingia ukumbini. Hapo alikosea. Kwa miaka yote ya mlango ule sijasikia kosa lingine, na mimi nimeuliza.

Seremala akapiga misumari, kitanda kikasimama. Yule mzee akakaa juu yake, akaanza kuvua viatu. Ndipo mpishi, ambaye mwenyewe anakiri mdomo wake hauna breki, akapita na sufuria, akamwambia Seremala sikioni, "Unamjua unayemtengenezea kitanda? Huyo ndiye aliyemvunja mama yako taya."

Pigo la kwanza lilitua begani. Waliokuwepo wanasema mfupa ulisikika. Mzee akaanguka sakafuni, kiatu kimoja mguuni, akajaribu kutambaa chini ya kitanda. Seremala akamvuta kwa mguu ule mbovu. Habari ilikwishazagaa ukumbini kwa mdomo uleule. Watu wakarudi nyuma, wakatoa nafasi. Wengine walisema, mmalize. Hakuna aliyemshika mkono.

Mama Komeo alikuja mbio kutoka mlangoni. Hakuwa na muda wa kumnyang'anya mtu nyundo. Alijitupa juu ya yule mzee, mwili wote ule, akamfunika. Akasema, "Ameweka huyu. Ameweka."

Nyundo ilimpata nyuma ya sikio.

Nimemtembelea Seremala rumande. Amenyong'onyea. Aliniambia, "Nilikuwa nampigania yeye. Neno lake nililisikia. Mkono ulikuwa umeshashuka." Akarudia hivyo, mkono ulikuwa umeshashuka, mpaka askari akasema muda umekwisha.

Mama Komeo alifika hospitali akiwa hai. Binti yake, yule aliyetoka naye mgongoni, sasa ni mshonaji mwenye watoto wake. Alikaa naye hadi asubuhi. Mama akafungua macho, akauliza, "Yule yuko hai?" Binti akajibu, yuko hai, mama. Akasema, "Haya. Kumekucha. Mrudishieni kisu chake aende." Adhuhuri akafariki.

Makaburini wazungumzaji walikuwa wengi, na kila mmoja alisifu msamaha. Mama huyu alisamehe, mama huyu alisamehe. Binti akavumilia, kisha akaomba kipaza sauti. Nilikuwepo. Alisema, "Msimsingizie mama yangu. Hakumsamehe baba, hata siku moja. Angemkuta barabarani amelala, angemruka. Alimfunika kwa sababu alikuwa ameweka."

Na kisu alikirudisha yeye binti, kwa mkono wake, maana ndilo agizo la mwisho la mama. Alimkuta baba yake wodini, bega limefungwa. Akampa upande wa mpini. Akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu, natoa pole kwa binti na watoto wake. Pole kwa dada wa marehemu. Pole kwa wote wanaolala katika nyumba ile, ambao kwao huu ni msiba wa mama mzazi. Mpishi, pole, na urudi jikoni, watu wanakuuliza. Na pole kwa Seremala, ambaye kesi yake iko mbele ya mahakama nami sitaigusa. Ila najua kuwa amefiwa, na hakuna aliyempelekea rambirambi.

Ninalowaachia mlitafakari ni hili. Baada ya maziko nilimuuliza binti swali ambalo pengine sikupaswa kumuuliza. Nilimuuliza, kama ungekuwa wewe ukumbini siku ile, ungefanyaje? Alikunja kanga yake taratibu, akanitazama usoni.

Akasema, "Ningesogea pembeni, kaka. Ningemwachia nafasi apige vizuri."

Nimelala na jibu hilo, nimeamka nalo. Nimewauliza wenzangu hapa studio, fundi mitambo, msomaji wa habari, hata mlinzi wa getini. Wote wamesema kama binti. Nami, niliyeketi hapa kumsifu kwa sauti nzuri, ningesogea. Ukumbi ule ulijaa watu, na wote walisogea isipokuwa yeye, aliyekuwa na sababu ya kusogea kuliko wote.