Mama Presha wa Chumba cha Boila: Miaka Thelathini na Miwili, na Asubuhi Moja ya Homa

Tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, fundi mkuu wa boila wa kiwanda chetu cha kufulia atakabidhi funguo baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Hiyo miezi minne ameitaja mwenyewe. Nilipompelekea rasimu ya kwanza ya wasifu huu nikiwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini", aliirudisha na duara jekundu, akiuliza hiyo zaidi ni kiasi gani.

Jina lake kamili limo kwenye mafaili ya utumishi, na nadhani wanaolijua hawazidi watano. Kwetu sisi ni Mama Presha. Wageni wakilisikia hudhani mama wa watu ni mgonjwa, na yupo mpiga pasi mmoja ambaye mwezi wake wa kwanza hapa alikuwa akimshauri kila siku apunguze chumvi. Mama Presha alimsikiliza kwa adabu wiki nzima, ndipo akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jengo na kumwonyesha presha inayosemwa ni ipi.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kufika huko nyuma, niseme hivi: tunafua mashuka ya hospitali na hoteli, na kila chenye moto katika kazi hiyo kinatoka kwenye boila. Maji ya mashine, vikaushio na zile rola kubwa za kupigia pasi vyote vinakula mvuke wake. Boila likichelewa kuwaka saa moja tu, ikifika jioni kuna wodi isiyo na shuka safi.

Hakuanzia huko. Aliajiriwa kama mkunjaji, na kwa miaka miwili alisimama kwenye meza ndefu akikunja foronya. Siku moja alimfuata fundi wa boila wa enzi hizo, akamwambia bomba lililo juu ya meza yao limebadilisha sauti tangu Jumatatu. Fundi alicheka sana. Kisha akapanda ngazi kwa kumridhisha tu, akakuta kiungo kinavuja. Wiki iliyofuata fundi huyo aliuomba uongozi umpe mkunjaji yule awe msaidizi wake.

Alipokwenda kufanya mtihani wa leseni, alikuwa mwanamke peke yake ukumbini, na msimamizi alimwuliza kwa upole kama amemletea mumewe kitu alichosahau. Alijibu kwamba mume yuko nyumbani na watoto, akaketi. Cheti chake kimetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha boila, mahali ambapo hakionekani mlango ukiwa wazi. Anasema anayeingia mle aangalie geji ya presha, hana haja ya kusoma cheti cha mtu.

Kila mtu kwake ni mwanangu, hata meneja mkuu anayemzidi umri kwa miaka miwili. Huyo mwanawe mkubwa aliwahi kufukuzwa chumbani kwa sababu ya tai iliyokuwa ikining'inia karibu na feni ya kichomeo. Alitoka bila kubisha, na tangu hapo huivua tai yake mlangoni.

Mimi niandikaye haya ni fundi wa pili wa boila. Nimefanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja, na sheria yake ya kwanza niliyofundishwa ni kusoma wawili. Kioo kinachoonyesha kiwango cha maji kwenye boila letu kimefifia kwa uzee, na ukitaka kuuona mstari wa maji lazima usogeze uso. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tulikuwa tukiinama wote wawili, kichwa kwa kichwa, kila mmoja anataja anachokiona kwa sauti. Tukitofautiana, hakiwashwi kitu. Sheria hiyo imetulinda miaka yote, na kwa sheria hiyo hiyo nilipata ugonjwa.

Janga lilipoingia, kampuni haikukaa kimya, na haki yake lazima isemwe. Tuligawiwa barakoa, miwani na glavu ndefu. Mashuka machafu yakatengewa mlango wake na watu wake. Uani pakachorwa miduara ya rangi nyeupe ya kusimamia, na muda wa chakula ukagawanywa mara nne. Getini yakafungwa mabomba manne ya kunawia, na hatua mbili mbele yake akasimama mlinzi na kipimajoto cha kulenga kwenye paji la uso. Ukutani likabandikwa bango: atakayeficha homa ataachishwa kazi siku hiyo hiyo. Aliyekutwa nayo alirudishwa nyumbani siku kumi na nne, na kama ni kibarua, nafasi yake ilijazwa.

Wiki saba zilipita na daftari la getini halikuonyesha homa hata moja. Uongozi ulifurahi, ukatoa tangazo la pongezi. Mama Presha, ambaye hawezi kupita mbele ya namba bila kuzisoma, alilipekua daftari lile akakuta watu mia moja na arobaini wote wamepoa kama maji ya mtungini. Aliniambia kwa utani kwamba humu ndani hakuna tena mtu aliye hai. Tulicheka, tukaendelea na kazi. Mwenyewe husema kwamba hapo ndipo alipokosea kwanza, kwa sababu geji ambayo mshale wake hauchezi angekwisha kuifungua siku ya pili.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi mno. Mabomba yalitangulia, kipimajoto kikafuata. Mtu akiona mwili mzito, alikuwa ananawa mikono kama alivyoagizwa, kisha uso, kisha uso tena, halafu anapita na paji lake la baridi. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, na sehemu kubwa ya kiwanda ilikuwa ikijua.

Sasa nakuja kwenye asubuhi aliyoniamuru nisiiruke. Kamati ya jarida letu hili la wafanyakazi ilipendekeza tuandike kwamba mstaafu alipitia changamoto za kiafya. Alikataa katakata. Alisema kama siku hiyo itaachwa, basi na wasifu wote uachwe.

Ilikuwa Alhamisi. Hospitali kubwa ilikuwa imeleta mzigo mara mbili ya kawaida, na katika kiwanda kizima watu wenye ruhusa ya kuwasha boila tulikuwa wawili, yeye na mimi. Aliamka na joto mwilini na mgongo unamuuma. Alijua. Alifika getini saa kumi na moja alfajiri, akanawa uso mara mbili, kipimajoto kikasoma nyuzi thelathini na tano na nusu, mlinzi akampungia mkono apite. Tukaingia chumbani, tukateremsha barakoa kwa sababu zilikuwa zinatutia ukungu kwenye miwani, tukainama mbele ya kioo cha maji, kichwa kwa kichwa, tukatajiana namba.

Yeye alikohoa wiki moja nyumbani kwake, akapona. Mimi nilichukuliwa na gari la wagonjwa siku ya sita, nikakaa siku tisa kwenye oksijeni. Mke wangu, aliyekuwa nyumbani na watoto wetu wawili bila kuruhusiwa kuniona, alipigiwa simu na Mama Presha, akaelezwa ukweli wote kabla ofisi haijajua lolote. Mke wangu alikata simu. Ilimchukua miezi kadhaa kuipokea tena simu yake.

Aliporuhusiwa kurudi, Mama Presha alimwomba meneja dakika tano uani, kila mtu akiwa kwenye duara lake. Meneja alidhani anataka kutuombea mimi na wagonjwa wengine. Waliokuwepo wameniambia maneno yake, na hayatofautiani: "Wanangu, mimi nilijua nina homa. Nikanawa uso, nikapita. Mwenzangu yuko hospitali kwa sababu yangu." Kisha akaligeukia bango la ukutani, akamwambia meneja mbele ya wote kwamba ama limpate yeye leo hii, ama libanduliwe, maana kwa muda wote litakaokuwa pale watu wataendelea kunawa nyuso. Akaongeza kwamba asiyewahi kufanya hivyo anyooshe mkono. Mikono iliyonyooshwa haikuwa mingi.

Si wote waliompenda siku hiyo. Yupo mkunjaji aliyekuwa akiuguza mama mkwe, naye alisema waziwazi kwamba mwenye cheo afukuzwe kama ambavyo kibarua angefukuzwa. Mama Presha alimjibu kwamba amesema kweli, akavua ovaroli, akalikunja vizuri kama mkunjaji wa zamani, akaenda nyumbani kusubiri uamuzi. Miaka yake ishirini na saba, kwa hesabu ya wakati ule, ilikuwa juu ya meza ya meneja. Kwa siku mbili zaidi boila liliwashwa na fundi wa kukodi aliyeshika zamu tangu tuugue, ambaye mpaka leo analaumiwa kwa kila valvu inayokwama.

Siku ya tatu bango halikuwepo. Mabomba yalihamishiwa ndani, kipimajoto kikawa ndicho cha kwanza. Nesi wa kampuni akafunguliwa dirisha la pembeni, na tangazo jipya likasema mambo mawili tu: anayesema ana homa analipwa mshahara wake wote akiwa nyumbani, na nafasi yake haiguswi, awe wa kudumu au kibarua. Asubuhi ya kwanza watu kumi na mmoja walikwenda kwenye lile dirisha. Wanne kati yao waligunduliwa kuwa na ugonjwa. Mmoja wao alikuwa dereva ambaye angeshinda siku hiyo kwenye gari moja na wenzake watatu. Tangu hapo hadi janga lilipotulia, kwa kadiri nesi alivyoweza kufuatilia, hakuna mfanyakazi mwingine wa kiwanda hiki aliyelazwa kwa ugonjwa alioupata kazini.

Mama Presha alirudi siku hiyo hiyo, akaibadilisha hata sheria yake mwenyewe. Wa kwanza anaingia, anasoma kioo, anatoka na kuandika namba kwenye karatasi na kuifunika. Wa pili anaingia akiwa peke yake, naye anaandika yake. Mlinzi wa zamu ndiye anayefunua na kulinganisha, na walinzi wetu wamejivunia jambo hilo kupita kiasi, wengine hadi leo wanajiita wakaguzi wa mvuke.

Lakini kazi kubwa aliyoifanya baada ya pale ni ya kufundisha. Alisema kosa lake halikuwa maji ya usoni peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa akikataa kuletewa wanafunzi, akidai wanamchezea moto, na kwa kiburi hicho akawa amejenga chumba kisichoweza kwenda bila yeye, mpaka akajiona hana ruhusa hata ya kuumwa. Leo kuna mafundi wanne wenye leseni, wawili wakiwa wanawake waliotoka kwenye meza ya kukunjia. Mmoja ni yule yule aliyesema afukuzwe. Hao wawili wanaelewana sana, kwa kuwa wote hawajui kumung'unya maneno.

Kampuni ilipotaka kumpa ngao ya usalama kazini, aliomba jina lake lisiandikwe. Ngao ipo, imeandikwa "Chumba cha Boila", na wanne wale huipangusa kwa zamu.

Anasema akistaafu atalala mpaka saa mbili asubuhi. Dada yake, anayekwenda kuishi naye, anasema hilo halitatokea, na kwamba ameshaanza kuwa na wasiwasi juu ya birika la chai. Wajukuu wake wanamngoja kwa hamu kwa sababu hawajawahi kumwona mchana siku ya kazi.

Limebaki moja ambalo yeye halijui, na nimeomba ruhusa ya meneja kuliandika. Kila Jumatatu, miaka mitano sasa, Mama Presha huniuliza kifua kinaendeleaje, nami kila Jumatatu humjibu kwa mzaha, kwamba kinapumua mishahara. Najua alikuwa akiuliza jambo jingine. Hakuwahi kulitamka, nami sikuwahi kumsaidia.

Katika zile siku mbili alizokuwa akisubiri nyumbani, meneja alinipigia simu wodini. Alisema mimi ndiye niliyeumia, kwa hiyo hataamua kabla ya kunisikia. Nesi aliishusha barakoa ya oksijeni kidogo. Sikuwa na pumzi ya hotuba. Nilisema, "Arudi. Bango litoke." Mama Presha sikumwambia kwa sababu, nikisema kweli, nilimtaka arudi na bado nilikuwa na hasira naye, na niliona aibu kuwa na vyote viwili. Hasira ilikwisha zamani. Aibu ndiyo iliyochelewa kwisha.

Basi Mama, jibu la Jumatatu zote ni hili: kifua hakijarudi chote, na ngazi ya tangi la juu bado inanisimamisha katikati nikihema. Na nilikusamehe. Kwa niaba ya mashine zote zinazokula mvuke wako, na sisi tunaozihudumia, ahsante kwa kazi yako. Uwe na afya, wa nyumbani kwako wawe na afya, siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Na siku ukiamka na joto mwilini, mama yangu, baki kitandani. Tupo.